Kompyuta ya Linux Ikigoma: Okoa Amana Kwanza, Matengenezo Baadaye

Neno linaloogopesha kuliko yote kwa mtu aliyepeleka kompyuta kwa fundi ni moja tu: "Tufomati." Maana yake ni kwamba diski itafutwa, mfumo utawekwa upya, na vyote vilivyokuwemo vitaondoka. Kwa fundi, hiyo ni kazi ya muda mfupi. Kwa familia, huenda ikawa ndiyo mwisho wa picha za bibi aliyekwisha tangulia mbele ya haki, nakala ya hati ya kiwanja, daftari la madeni ya duka, au rasimu ya wasia ambayo baba alikuwa hajaichapa. Kompyuta hununuliwa nyingine. Vitu hivi haviuzwi popote.

Makala haya yanazihusu kompyuta za mezani zinazotumia mfumo wa Linux, hususan Ubuntu na Linux Mint. Mfumo huu, ambao kiini chake kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, hutolewa bure na huweza kufanya kazi katika mashine za zamani. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 huzikataa rasmi kompyuta nyingi za zamani, zikiwemo zile zisizo na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mwenye kompyuta ya namna hiyo akiuliza afanye nini, aghalabu Linux huwa miongoni mwa majibu anayopewa.

Lakini mgeni akishakaribishwa nyumbani, yafaa kuzijua tabia zake. Hoja yetu ni hii: Linux inapogoma, mara nyingi huonesha mahali inapoumwa, na maradhi yake mengi hayahitaji kufuta chochote. Anayefomati kabla ya kuuliza ni kama mwenye nyumba anayebomoa ukuta kwa sababu ameukosa ufunguo.

Kwanza, okoa kilichomo

Kabla ya kujaribu tiba yoyote kubwa, toa nakala ya faili zako. Hili linawezekana hata kama kompyuta haiwaki kwa njia ya kawaida. Tafuta flashi tupu yenye ukubwa wa GB 8 au zaidi. Katika kompyuta nyingine iliyo nzima, pakua faili la Linux Mint kutoka tovuti yake rasmi, kisha liandike kwenye flashi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Kulinakili kwa kuliburuta tu hakutoshi, flashi haitawaka.

Chomeka flashi hiyo kwenye kompyuta iliyogoma, iwashe, na papo hapo bonyeza kitufe cha kuchagua mahali pa kuwakia. Katika mashine nyingi kitufe hicho huwa F12, F9 au Esc. Linux Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski ya ndani. Utaona alama ya kusakinisha mfumo juu ya skrini; usiifungue. Fungua folda za diski, kisha nakili picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje.

Ukiambiwa huna ruhusa ya kufungua folda, usidhani kwamba faili zimepotea. Huo ni ulinzi wa mwenye folda. Bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Open as Root, nayo itafunguka. Tofauti ni diski iliyofungwa kwa usimbaji: hiyo itadai nywila yake, na bila nywila hiyo hakuna fundi awezaye kuifungua. Kwa hiyo familia yenye diski ya aina hii isiiache nywila kichwani mwa mtu mmoja. Mtu huyo akifariki, nyaraka zake zinaweza kuwa mbele ya macho ya warithi na wasiweze kuzisoma.

Diski ikitoa mlio wa kugongagonga, au programu iitwayo Disks ikionya kwamba diski inakaribia kufa, acha matengenezo yote. Nakili kilicho muhimu kwanza, kisha nunua diski nyingine.

Imesimama wapi katika safari yake?

Kompyuta inapowashwa hupita vituo kadhaa kabla ya kukuonesha picha ya mezani. Kujua imekwama kituo gani ni nusu ya tiba.

Ikiwa skrini ni nyeusi tangu mwanzo, au unasikia milio mifupi mifupi bila kuona kitu, Linux bado haijafikiwa. Kagua waya wa umeme na wa skrini. Zima kabisa, chomoa umeme, futa vumbi, na kaza vipande vya kumbukumbu ya RAM mahali pake. Ikiwa maandishi yanasema hakuna chombo cha kuwakia, angalia kwanza kama kuna flashi iliyosahauliwa kwenye tundu. Mara nyingine kompyuta hutafuta mfumo ndani ya flashi isiyo na mfumo.

Ikiwa iliwaka vizuri jana, ikapokea masasisho, na leo inaishia kwenye weusi, huenda kiini kipya hakikupatana na mashine. Ubuntu na Mint kwa kawaida huhifadhi kiini kilichotangulia. Iwashe tena huku ukibonyeza Esc, au ukishikilia Shift katika mashine za zamani zaidi, mpaka itokee orodha ya GRUB. Chagua Advanced options, kisha kiini chenye namba ya nyuma. Ikiwaka, umekwisha jua kwamba faili zako ni salama na kwamba mgonjwa ni kiini kipya peke yake.

Ikiwa kadi ya picha ndiyo inayosumbua, jambo linalotokea hasa kwa kadi za Nvidia, katika orodha hiyohiyo bonyeza herufi e, nenda kwenye mstari unaoanza na neno linux, ongeza mwishoni neno nomodeset, kisha bonyeza F10. Badiliko hili hudumu kwa mwako huo mmoja tu. Ukishaingia, fungua Driver Manager katika Mint, au Additional Drivers katika Ubuntu, uweke draiva iliyopendekezwa.

Kituo kingine ni pale skrini inapoonesha neno initramfs na kusubiri. Tatizo hili huweza kutokea umeme unapokatika ghafla wakati diski inaandikwa, nasi tunakujua kukatika kwa umeme. Maandishi ya juu yake mara nyingi hutaja sehemu ya diski inayohitaji kukaguliwa, kwa mfano /dev/sda1. Kama ulikwisha kuokoa faili zako, andika fsck -y /dev/sda1, ukitumia jina lile lile uliloliona kwenye skrini yako, na uache kazi iishe. Kisha andika exit.

Nywila ni sahihi, lakini mlango haufunguki

Unaandika nywila, skrini inapepesa, kisha unarudishwa pale pale pa kuandika nywila. Watu wengi hudhani nywila imebadilika. Kama ingekuwa si sahihi, ungeambiwa hivyo. Sababu moja ya kawaida ni diski kujaa mpaka mfumo ukakosa hata nafasi ndogo ya kuandikia.

Bonyeza pamoja Ctrl, Alt na F3. Itakuja skrini ya maandishi matupu. Andika jina lako na nywila. Herufi za nywila hazionekani unapoandika, na hilo si kosa. Kisha andika df -h. Ukiona mstari wa sehemu kuu, wenye alama ya mkwaju peke yake mwishoni, umefika asilimia 100, umeupata ugonjwa. Amri ya sudo apt clean huondoa vifurushi vya programu vilivyopakuliwa na kubaki, na sudo journalctl --vacuum-size=200M hupunguza kumbukumbu za mfumo zilizorundikana. Amri zote mbili hazigusi nyaraka zako. Baada ya hapo andika sudo reboot, na ukishaingia, mwaga pipa la taka na uhamishe video kubwa.

Inapoganda

Kompyuta yenye RAM ya GB 4 iliyofunguliwa kurasa nyingi za intaneti huganda kwa kuelemewa, si kwa kuharibika. Subiri dakika chache kabla ya kushika kitufe cha umeme. Isipozinduka, shikilia Alt pamoja na kitufe cha Print Screen, kisha bonyeza S, halafu U, halafu B, ukipumzika sekunde chache kila mara. Herufi ya kwanza huamuru data iandikwe kwenye diski, ya pili huifunga diski isiandikwe tena, na ya tatu huwasha kompyuta upya. Njia hii ni salama zaidi kuliko kukata umeme.

Intaneti, sauti na printa

Wi-Fi isipoonekana kabisa, andika rfkill list. Ukiona Hard blocked: yes, tafuta swichi au kitufe cha Wi-Fi kwenye mashine yenyewe. Ukiona Soft blocked: yes, andika rfkill unblock all. Baadhi ya vifaa vya Wi-Fi, hasa vya Broadcom, huhitaji draiva ya ziada, na ili uipate unahitaji intaneti usiyokuwa nayo. Hapo simu ndiyo suluhisho: iunganishe kwa waya wa USB, washa huduma ya kugawa intaneti kwa USB, kisha fungua meneja wa draiva uliyetajwa hapo juu.

Sauti isiposikika, fungua mipangilio ya sauti na utazame inapotokea. Waya wa HDMI unapochomekwa, mfumo huweza kuipeleka sauti kwenye skrini isiyo na spika. Chagua spika zako, na suala limekwisha.

Printa ikikaa kimya, tazama foleni yake. Kazi moja iliyokwama huzuia zote zilizo nyuma yake. Amri ya cancel -a huifuta foleni. Kisha hakikisha printa haijasimamishwa katika mipangilio, ujaribu kwa ukurasa mmoja.

Saa isiyosema kweli

Ikiwa kila unapochomoa kompyuta kwenye umeme tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa, na vivinjari vinakataa kufungua tovuti kwa madai ya usalama, tatizo ni betri ndogo mfano wa sarafu iliyo ndani ya kompyuta, ambayo mara nyingi ni CR2032. Ibadilishe.

Kuna tatizo jingine linalozihusu kompyuta zenye Windows na Linux pamoja. Linux huiandika saa ya ndani kwa wakati wa dunia, ilhali Windows huisoma kama saa ya mahali. Afrika Mashariki imeutangulia wakati wa dunia kwa saa 3, hivyo ukitoka Linux kuingia Windows, saa ya nne asubuhi huoneshwa kuwa ni saa moja. Anayetegemea kompyuta hiyo kumjulisha wakati wa swala anajua uzito wa kosa hili. Ukiwa ndani ya Linux, andika timedatectl set-local-rtc 1, na mifumo hiyo miwili itaafikiana.

Masasisho yaliyokatizwa

Ukiona ujumbe kwamba lock haikupatikana unapoweka programu, maana yake kuna masasisho mengine yanaendelea. Subiri yaishe, usifute faili la lock kama baadhi ya watu wanavyoshauri. Lakini kama umeme ulikatika katikati ya masasisho, andika sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt --fix-broken install. Amri hizi humalizia kazi iliyoachwa njiani.

Na hapa pana tahadhari kwa wazazi wenye vijana wanaopenda kujaribu. Neno sudo humpa mwandikaji mamlaka yote juu ya mashine. Amri yoyote msiyoijua kazi yake isiandikwe, hasa yenye rm -rf, kwani hiyo hufuta bila kuuliza na bila kupitia pipa la taka.

Mkilazimika kwenda kwa fundi

Yapo matatizo yatakayowashinda, wala si aibu kutafuta msaada. Nendeni mkiwa na karatasi iliyoandikwa mambo manne: maneno kamili yaliyoonekana kwenye skrini, au picha yake iliyopigwa kwa simu, jambo la mwisho lililofanyika kabla ya hitilafu, mlichokwisha kujaribu, na sharti kwamba diski isifutwe bila idhini yenu. Sharti hilo lisomwe mbele ya fundi kabla hajaipokea mashine.

Kwa wale ambao kompyuta zao ni nzima leo, nunueni diski ya nje na kuwekeni nakala kila mwezi. Mjue pia kwamba programu ya Timeshift iliyomo katika Linux Mint, kwa mpangilio wake wa kawaida, huhifadhi mfumo tu. Picha na nyaraka zenu haimo kazini mwake. Nakala ikishakamilika, fungueni faili mbili au tatu kutoka diski hiyo muone kama zinasomeka, kisha iwekeni mahali tofauti na ilipo kompyuta, kwani mwizi akiingia au maji yakijaa hayachagui kati ya chombo na nakala yake.