Baharini Peke Yako, Adui ni Usingizi

Vijana wakiniuliza habari za kusafiri baharini peke yako, huuliza mawimbi na papa. Usingizi hawauulizi, na ndio uliokaribia kunimaliza.

Miaka kadhaa iliyopita nilitoka Lamu kwenda Malindi kwa mashua ndogo ya tanga moja, bila baharia mwengine. Ni kama maili 70 za baharini. Nilichagua msimu wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kwa sababu upepo huo humsukuma anayeteremka kusini. Wakati wa kusi ningeshinda nikibisha.

Siku huanza kabla ya jua. Ukishaswali unafua maji yaliyoingia usiku, unakagua kamba, unang'oa nanga. Asubuhi upepo ni mpole, basi kupika na kushona tanga hufanywa wakati huo. Kuanzia adhuhuri unapata nguvu na hupati nafasi tena. Upepo wa nyuma ni raha, lakini ukighafilika na usukani tanga hugeuka upande wa pili kwa kishindo, foromali ikakupiga au chombo kikapinduka. Wakiwa wawili, mmoja hushika usukani. Peke yako, hata kwenda kuchota maji ya kunywa lazima uufunge kwa kamba kwanza.

Nilibeba mtungi wa lita 20, tende, mkate wa mofa na samaki mkavu. Chakula kisichohitaji moto ni bora, maana jiko na upepo havipatani.

Swala ni nyepesi kwa msafiri: rakaa nne huwa mbili, Adhuhuri na Alasiri hujumuishwa, vivyo hivyo Magharibi na Isha. Ukihofia kuanguka, unaswali umekaa. Kibla hakina taabu, kwani kutoka pwani yetu Makka iko karibu kaskazini kabisa, na dira inatosha.

Tabu ni usiku. Usiku wa kwanza nilitia nanga. Hapo kuna hesabu: wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa muda wa saa sita hivi. Ukitia nanga maji yakiwa yamejaa bila kupima kina, utaamka umelala juu ya mwamba. Chagua pia alama mbili za nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja; zikiachana, jua nanga inakokota.

Usiku wa pili niliona uvivu kusimama. Nilikuwa ghuba ya Ungwana, taa za meli za kamba zikionekana mbali. Nikafunga usukani, nikasema nipumzishe macho kidogo. Nilichoamka nacho ni ngurumo. Mawimbi yalikuwa yakivunjika kwenye fungu la mchanga, mkono wa kulia, karibu sana. Nikakata kamba ya usukani kwa kisu na kuelekeza chombo baharini. Mikono ilinitetemeka mpaka kukapambazuka.

Mtu atasema, mbona Joshua Slocum aliizunguka dunia peke yake, 1895 hadi 1898, na alilala? Ndiyo, lakini katika bahari kuu chombo kinaweza kwenda siku nyingi bila kukutana na mwamba. Sisi huku mwamba na mafungu yako jirani muda wote. Aliye karibu na nchi kavu ndiye asiyeruhusiwa kusinzia.

Basi ukitaka kwenda, gawanya safari kwa mchana, na kila jioni tia nanga ulale kweli. Vaa jaketi la kuokolea, na ujifunge kamba kiunoni, kwa sababu ukianguka chombo hakitakungoja. Weka simu ndani ya mfuko usiopenya maji. Na kabla ya kuondoka, waambie BMU ya bandari yako unapita wapi na unatarajiwa lini, ili usipofika siku hiyo, kuwe na mtu anayejua wapi pa kuanza kukutafuta.

Mimi sikumwambia mtu. Lile fungu lingenishika, wangeanza kuniuliza Lamu.