Bakteria Wanaokula Dizeli

Hapa kwetu Tarime na Serengeti, dizeli ikimwagika kwenye mashine ya kusaga, udongo hunuka na majani hufa. Lakini Mwenyezi Mungu (S.W.) ameweka udongoni bakteria wanaokula mafuta. Hushirikiana: aina moja huanza, nyingine humalizia, yakabaki maji na hewa ya kabonidayoksaidi. Wanahitaji hewa, unyevu na naitrojeni. Mwaka 1989 meli Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska, Marekani, ufukwe ulitiwa mbolea ili bakteria wazidi. Nasi tuchanganye udongo huo na samadi, tuugeuze mara kwa mara, mbali na visima na Mto Mara. Lakini oili chafu huwa na chembe za metali, nazo bakteria hawazimalizi. Basi tusiimwage ovyo. Kuharibu ardhi ni dhambi.