Kemia ya Shahada ya Pili: Ina Faida Gani kwa Mkulima wa Karafuu?

Baadhi yenu wanachama mna vijana waliokwisha pata shahada ya kwanza ya sayansi, na sasa wataka kusomea shahada ya pili katika kemia ya molekuli na ya fizikia. Mzazi husikia jina hilo refu, akahesabu magunia ya karafuu yatakayouzwa kulipia ada, akauliza: "Elimu hii ni ya nini hasa?" Swali hilo ni la haki, nasi twapenda kulijibu.

Katika masomo ya mwanzo kijana hufundishwa kuwa kitu hiki kikichanganywa na kile hutokea kitu cha tatu. Katika shahada ya pili huuliza kwa nini hutokea, kwa upesi gani, na kwa joto kiasi gani. Hutazama molekuli, yaani chembe ndogo kabisa ya kitu ambayo bado ina tabia ya kitu hicho, na nguvu zinazozivuta au kuzisukuma chembe hizo.

Tuanze na mfano wa bara. Huko Mlandizi, mbele ya Kibaha katika barabara iendayo Morogoro, pana mtambo wa maji wa Ruvu Juu. Ulijengwa mwaka 1959, na baada ya kupanuliwa waweza kutoa lita milioni 196 kwa siku. Mwanachama aliyepata kunywa maji ya bomba Dar es Salaam huenda amekunywa ya hapo. Wakati wa masika mto huja na tope. Mchanga hutuama upesi, lakini udongo laini huelea siku nyingi, kwa kuwa chembe zake zina umeme wa namna moja, nazo husukumana. Ikitiwa dawa ya jamii ya shabu, umeme ulio kinyume huondoa msukumano ule. Chembe hushikana zikawa mabonge, yakatuama, kisha maji huchujwa na kutiwa klorini. Dawa ikipungua, tope hubaki. Ikizidi, ni hasara, na chembe zaweza kuanza kusukumana tena. Kukijua kipimo cha haki ndiyo kazi ya kemia ya fizikia.

Elimu iyo hiyo imo katika zao letu. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, hutoa mafuta kwa mvuke. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, ambayo peke yake haichemki mpaka digrii 254 hivi za Selsiasi. Mbona basi hutoka na mvuke wa maji kabla ya digrii 100? Ni kwa sababu mafuta na maji hayachanganyiki. Kila kimoja husukuma kwa mvuke wake, na misukumo hiyo miwili hujumlishwa. Ikilingana na kani ya hewa, vyote huchemka pamoja, na mafuta hayaungui.

Jambo hili lagusa bei. Zamani vanilini, yaani harufu ya vanila, ilitengenezwa ng'ambo kutokana na yujenoli ya karafuu. Wanakemia walipopata njia nyingine zilizo rahisi, haja ya mafuta yetu kwa kazi hiyo ilipungua. Hata leo mnunuzi hupima mafuta kwa chombo kinachotenganisha molekuli za kila namna, akajua ndani mna nini. Muuzaji asiye na mtu wa kupima hana budi kukubali neno la mwenye kipimo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho Kitivo chake cha Sayansi kilianza mwaka 1965, hufundisha shahada ya pili ya kemia. Mwanafunzi husoma masomo darasani, kisha hufanya uchunguzi wake na kuuandika. Hisabati ni nyingi, na asiyeipenda atataabika.

Basi, kabla hamjauza magunia hayo, mwulizeni kijana wenu swali moja: "Utachunguza nini?" Akijibu kuwa atachunguza joto la kukaushia karafuu, au namna ya kuhifadhi mafuta yasiharibike, au njia ya kupata mafuta zaidi katika makonyo kwa kuni chache, mpeni moyo. Na asiyejua bado, mleteni shambani wakati wa kuanika. Maswali atayaona juu ya majamvi.