Diski moja, ganda mbili

Wandugu, rafiki moja aliniuliza juu ya nini watu wanagombania diski ya zamani ya Guns N' Roses, Appetite for Destruction, na muziki yenyewe iko kwenye simu. Namujibu: angalia ganda. Mu 1987, ilipotoka Marekani, ganda ya kwanza ilibeba mchoro wa Robert Williams: mwanamke aliyeshambuliwa na roboti. Maduka mengi yakakataa kuiweka. Kampuni Geffen ikatia msalaba wenye mafuvu matano, moja kwa kila mwanamuziki. Mchoro ukahamia ndani. Ile ya kwanza njo wakusanyaji wanalipia sana. Hata pande za diski haziitwi A na B, ni G na R. Nyimbo ni zilezile! Miye, ule mchoro singeutundika mu nyumba, dada zangu wanapita pale.