Kondoo Elfu Kumi na Ujira wa Senti Mbili

Mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akishona kofia za mkono ukumbini kwake, alituita wiki mbili zilizopita akiwa na jambo lililomkaa moyoni. Binti yake, aliye katika mwaka wa pili wa chuo, alikuwa amemwarifu kwamba angependa kuyaelekeza masomo yake kwenye sanaa ya kompyuta: kuzipa takwimu sura, na kutengeneza picha zinazomwitikia yule anayezigusa. Mama hakukasirika, ila hakuelewa.

"Wanangu," akatuambia, "mtoto wa jirani anasomea udaktari, nikiulizwa najua la kujibu. Huyu wangu nikiulizwa, niseme anasomea kuchora hesabu?"

Tulimwomba binti atufafanulie mwenyewe. Naye, badala ya kutueleza kwa maneno ya darasani, alituletea kisa cha mwanafunzi mwingine, wa mbali na wa miaka iliyopita, ambaye kazi zake yeye binti amepangiwa kuzieleza mbele ya wenzake. Tulikwenda tukidhani tunakwenda kumtuliza mama. Tukatoka na maswali yetu wenyewe.

Mwanafunzi huyo ni Aaron Koblin. Mwaka 2005 alikuwa akisomea shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, Marekani. Alizichukua kumbukumbu za safari za ndege zilizokusanywa na mamlaka ya anga ya nchi hiyo, yaani orodha ndefu za tarakimu zisemazo ndege fulani ilikuwa mahali fulani, saa fulani. Ukizisoma zilivyo hupati ila usingizi. Yeye aliandika programu iliyoigeuza kila ndege kuwa alama ndogo ya mwanga juu ya weusi, nayo ikiacha mstari nyuma yake kadiri inavyosonga. Alitumia lugha ya programu iitwayo Processing, ambayo Casey Reas na Ben Fry waliianzisha mwaka 2001 kwa ajili ya wasanii na wanafunzi, na ambayo hadi leo hutolewa bila malipo.

Kilichotokea ndicho kilichotuvutia. Koblin hakuchora pwani wala mpaka wowote, lakini umbo la Marekani nzima likajitokeza lenyewe kutokana na njia za ndege peke yake. Mtazamaji huona mashariki ya nchi ikilala kwanza, magharibi ikafuata, kwa kuwa saa zao hazilingani. Kisha kukikucha mistari hurudi kumiminika kama mchwa waliotoka kichuguuni. Kazi hiyo, iitwayo Flight Patterns, ilipewa tuzo ya kwanza na Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani mwaka 2006, na sasa imehifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York.

Hapa mama alianza kulegea. Tulimkumbusha pia kwamba kukusanya habari zilizotawanyika na kuzifanya picha moja si jambo geni kwa Waislamu. Sharif al-Idrisi, mwanajiografia aliyefanya kazi katika kasri ya mfalme Roger wa Pili kisiwani Sicily, alikamilisha mwaka 1154 ramani ya dunia iliyojengwa kwa habari za wasafiri na wafanyabiashara, kusini ikiwa juu na kaskazini chini. Hakusafiri kila mahali alipopachora. Alikusanya, akalinganisha, akachora. Binti alifurahi kusikia hivyo, na sisi, tukiri, tulifurahi kuwa na la kumwambia.

Lakini kazi ya pili ya Koblin ndiyo iliyobadilisha mazungumzo.

Mwaka 2006, kwa ajili ya tasnifu yake, alitaka kuchunguza kitu kipya kilichokuwa kimeanzishwa na kampuni ya Amazon mwezi wa Novemba mwaka uliotangulia. Ni soko la kazi ndogondogo mtandaoni, ambamo mtu yeyote huweza kutangaza kazi ya dakika moja au mbili, na mtu mwingine asiyemjua, popote alipo, akaifanya kwa senti chache. Soko hilo liliitwa Mechanical Turk, jina ambalo lina historia yake. Mwaka 1770 Wolfgang von Kempelen aliionyesha mbele ya malkia Maria Theresa wa Austria mashine ya kucheza sataranji: sanamu ya Mturuki aliyevaa kilemba, ameketi nyuma ya kabati lililojaa magurudumu ya chuma. Watu walifunguliwa milango ya kabati, wakaona vyuma, wakaamini kwamba mashine ina akili. Kumbe ndani alijibanza mchezaji hodari, binadamu wa nyama na damu. (Kwa nini Ulaya ya siku hizo ilipotaka sura ya hila na maajabu ilimvika kilemba, hilo tunaliona na kulipita.) Kampuni ililichagua jina hilo ikijua maana yake: kwa nje ni kompyuta, kwa ndani ni watu.

Koblin alitangaza kazi moja tu. Chora kondoo anayetazama kushoto, utalipwa senti mbili za dola. Alitengeneza kibao cha kuchorea ambacho hakikuhifadhi mchoro peke yake bali kila mwendo wa mkono, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Baada ya siku 40 alikuwa na kondoo 10,000. Michoro mingine 662 aliikataa kwa kuwa haikufanana na kondoo. Kisha akaipanga yote kwenye ukurasa mmoja, midogo kama punje za mtama, na mtazamaji akibofya punje moja humwona kondoo huyo akichorwa upya mbele ya macho yake, kwa kasi na kusitasita kwa yule aliyemchora. Kazi hiyo aliiita The Sheep Market, soko la kondoo. Suala la kuchora viumbe wenye roho lina maneno yake kwa wanazuoni, nalo tunawaachia masheikh wetu. Hapa tunazungumzia kilichokuwa nyuma ya michoro.

Binti alimwonyesha mamake picha za kazi hiyo, zizi zima la kondoo weusi juu ya weupe. Tulitarajia mama acheke, maana baadhi ya kondoo hao kwa kweli wanachekesha. Yeye aliinama, akamtazama mmoja kwa makini kama atazamavyo mshono wa kofia, akauliza:

"Huyu alilipwa ngapi?"

"Senti mbili, mama."

"Na alikaa muda gani?"

Jibu la swali hilo lipo, na lipo kwa sababu mwanafunzi mwenyewe aliliandika hadharani. Kwa wastani kila kondoo alichukua sekunde 105. Ukipiga hesabu, mchoraji alikuwa akipata takriban senti 69 kwa saa, wakati ambapo kima cha chini cha mshahara kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani kilikuwa dola 5.15 kwa saa. Kondoo wote 10,000 kwa pamoja waligharimu dola 200. Baadaye Koblin aliwatoa kondoo hao katika mfano wa stempu, karatasi moja yenye kondoo 20 ikiuzwa kwa dola 20. Maana yake ni kwamba aliyelipwa senti mbili, mchoro wake uliuzwa kwa dola moja, mara hamsini ya ujira.

Wachoraji walipogundua, baadhi yao walianza kunung'unika wao kwa wao. Waliulizana ni lini waliuza haki ya michoro yao, na ni nani aliyewaambia kwamba itakwenda sokoni. Manung'uniko hayo Koblin naye hakuyaficha. Aliyaeleza hadharani kama sehemu ya kazi yenyewe.

Sasa tumhukumu vipi? Kati yetu hatukuafikiana. Wapo waliosema kwamba kila mchoraji aliijua bei kabla ya kuanza, hakulazimishwa, na pengine alijifurahisha. Ridhaa ipo, na kazi ya sekunde mia si utumwa. Wapo waliosema kwamba yeye alifanya kwa watu 7,000 na ushei kile kile alichodai kukifichua. Sisi tunaoandika makala haya tunaelemea mahali pa katikati, na si kwa kukwepa. Fiqhi yetu inataka katika ajira mambo mawili yajulikane na pande zote mbili, kazi na ujira. Hapa ujira ulijulikana; kazi yenyewe, kwa maana ya matumizi yake, haikujulikana. Na Mtume wetu (S.A.W.) alipotuagiza tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, alitufanya tulione jasho hilo kwanza. Soko lile lilijengwa ili jasho lisionekane kabisa. Koblin alilichukua dirisha dogo akalifungua, na akajionyesha yeye mwenyewe ndani yake, akiwa tajiri wa senti mbili. Wanafunzi wengi wangeweka picha nzuri na kuzificha hesabu.

Miaka miwili baadaye, pamoja na Takashi Kawashima, aliirudia hoja hiyo kwa ukali zaidi. Waliigawa picha ya noti ya dola 100 katika vipande 10,000, kila kipande kikachorwa na mtu asiyejua anachora nini, kwa senti moja. Waliochora walitoka nchi 51. Gharama ya jumla ilifika dola 100 kamili, thamani ile ile iliyoandikwa kwenye noti.

Tumelieleza hili kwa kirefu kwa sababu kabati la Mturuki sasa limo majumbani mwetu. Vijana wetu wa Kisauni, Likoni, Malindi na Lamu wanafanya kazi za namna hii kwenye simu na kompyuta: kuzungushia mstari gari lililo pichani, kuandika maneno ya sauti iliyorekodiwa, kupanga maandishi mema na maovu ili mashine ijifunze. Mwaka 2023 magazeti ya nje yaliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliochuja maandishi machafu kwa ajili ya programu mashuhuri ya akili bandia walikuwa wakilipwa chini ya dola mbili kwa saa, na baadhi yao walitoka na majeraha ya nafsi kwa yale waliyoyasoma. Kwa akina dada wengi kazi hizi zina mvuto wake, kwa kuwa hufanyika nyumbani, kwa staha, mtoto akiwa amelala. Hatusemi ziachwe. Riziki ya halali ni riziki, na wapo waliolipia karo kwayo.

Tunachosema ni kwamba hesabu ifanywe. Kazi inayolipa shilingi 5 ikichukua dakika sita, hiyo ni shilingi 50 kwa saa, na bado hujalipa bando wala umeme. Ijulikane pia nani anayelipa na kwa njia gani, kazi ikikataliwa nani huamua, na mchoro au sauti yako itakwenda wapi baada ya hapo. Mzazi asiyejua kompyuta huweza kuyauliza yote haya, kama mama yule alivyoyauliza mawili ya kwanza kabla hajaelezwa lolote.

Na aliyajulia wapi? Tulipomuuliza alitabasamu akaionyesha kofia iliyokuwa mapajani mwake, nusu imeshonwa, nusu ina alama za kalamu tu. Kofia ya mkono hukamilika kwa majuma mengi, pengine miezi. Huchukuliwa na mtu, huyo humpelekea mwenye duka, na mwenye duka huiuza kwa mgeni au kwa bwana harusi. Mama hupewa bei ya kofia. Bei ya saa hajawahi kuijua.

"Mimi ni kondoo wa siku nyingi," akasema, na wote tukacheka, ingawa binti hakucheka sana.

Jumapili iliyofuata binti alikuja na wazo lake kwa ajili ya mradi wa mwisho wa mwaka. Ataweka simu juu ya kigoda, irekodi mikono ya mamake kila anaposhona, na kila tundu lishonwalo liandikwe saa yake. Mwishoni kofia itaonekana kwenye kioo cha kompyuta ikiwa nzima, na mtazamaji akigusa tundu lolote, ataiona sindano ikipita pale, na ataisoma siku na saa: hili lilishonwa baada ya Alfajiri, hili usiku umeme ulipopotea, hili mtoto akilia. Kandokando patakuwa na tarakimu mbili, jumla ya saa na bei iliyolipwa.

Mama amekubali kwa masharti mawili. Sura yake isionekane, mikono yatosha. Na ile tarakimu ya bei isiandikwe kwanza, mpaka yeye mwenyewe aende dukani na hesabu ya saa mkononi, akazungumze na mwenye duka.

Hadi tunapokwenda mitamboni, zimeandikwa siku kumi na tisa, na kofia haijafika nusu.