Sankale ni wengi: Kusaka babu Kajiado kwa jina la mwisho pekee ni kazi bure

Simama steji ya Kitengela saa kumi na mbili jioni, wakati watu wanashuka kutoka tao, kisha uite "Sankale!" kwa sauti. Usishangae vichwa vinne vikigeuka. Kondakta wa matatu ya Namanga atageuka, mwenye bodaboda atageuka, mama wa vibanda ataangalia mtoto wake, na pengine atageuka na msee wa ofisini ambaye hajawahi kulala boma hata siku moja. Jaribu Saitoti, Parsaloi ama Lemayian, ni yale yale.

Mimi ni mmoja wa hao akina Sankale, na kwa miezi mitatu nimekuwa nikitafuta Sankale wetu ni yupi.

Siku hizi vijana wengi wameshikwa na homa ya kusaka mababu. Unaona mtu wa Marekani kwenye YouTube anaandika jina lake la mwisho, anabonyeza, na mti wa ukoo unajichora hadi karne ya 17. Kwa nini wewe usijaribu? Shida ni kwamba jina la mwisho la Mwingereza limeshuka kutoka kwa baba hadi kwa mwana kwa mamia ya miaka. La kwetu, mara nyingi, halijamaliza hata miaka mia moja.

Kwa Kimaasai, "ole" maana yake ni "mwana wa". Ukisikia mtu anaitwa ole Sankale, umeambiwa babake tu. Babake naye alikuwa ole wa mtu mwingine, na babu akawa ole wa mwingine tena. Jina lilikuwa linabadilika kila kizazi, na hakuna aliyeona shida. Wenzetu wa Iceland bado wanafanya hivyo hivyo: mtoto wa Jón ni Jónsson, binti ni Jónsdóttir. Tofauti ni kwamba wao waliandika kila kitu, na leo nasaba zao ziko kwenye intaneti. Sisi tulihifadhi zetu vichwani mwa wazee, na wazee wanakufa.

Kisha karani akaja. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka wa 1915 na kuanza kukaza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume wa zaidi ya miaka 16 alibeba jina lake, kabila lake na alama za vidole ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inia shingoni. Karani alitaka jina la kuandika, basi akaandika alilosikia. Baadaye shule zikataka majina, hospitali zikataka, na kitambulisho cha taifa kikaja na nafasi zake. Jina lililokuwa la baba tu likagandishwa, likawa la ukoo mzima.

Hata kaunti yenyewe haikupona. Olkejuado, yaani mto mrefu, ndiyo ikawa Kajiado. Na yule laibon tunayemjua kama Lenana, mwenye kilele cha Mlima Kenya na shule, alikuwa Olonana. Ole Gilisho, aliyesimama upande wa Maasai walipopinga mahakamani kuhamishwa kutoka Laikipia, kesi iliyotupwa mwaka wa 1913, kwenye makaratasi ya Waingereza ni Legalishu. Huyo alikuwa kiongozi mkubwa, na bado jina lake liliandikwa hivi na vile. Babu yako aliyekuwa na mbuzi kumi na wawili je?

Sasa niseme kwa nini mambo haya yaliniingia.

Dada yangu ana mchumba. Ni kijana mzuri, anafanya kazi ya umeme wa sola huko Isinya, na tunampenda. Jina lake la mwisho ni Sankale. Mwanzoni tulicheka. Dada alisema ana bahati, hatapanga foleni kubadilisha kitambulisho. Kicheko kiliisha siku wazee wa upande wa kijana walipotuma ujumbe kwamba posa isimame kwanza. Walikuwa na swali moja: Sankale huyo wenu ni wa ng'ombe gani?

Kama hujalelewa na Wamaasai, swali hilo litakupita. Koo za Maasai ziko chini ya nyumba mbili kubwa: Odomong'i, wa ng'ombe wekundu, na Orokiteng', wa ng'ombe weusi. Chini ya wekundu kuna Ilmolelian, Ilmakesen na Iltaarrosero. Chini ya weusi kuna Ilaiser na Ilukumai. Chini ya hizo tena kuna enkishomi, yaani lango, watu waliotoka kwenye mlango mmoja wa boma. Watu wa lango moja hawaoani. Wakioana, wazee wanasema ni kaka na dada, na hiyo laana hutaki ifuate watoto wako. Unaweza kudharau hayo ukiwa Nairobi. Dada yangu hakutaka kudharau.

Na sisi hatukuwa na jibu. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Mama ni Mkamba kutoka Machakos, alikutana na baba hapa Kitengela miaka ile viwanda vya EPZ vya Athi River vilipoanza kuajiri. Nyumbani tuliongea Kiswahili. Baba hakupenda hadithi za zamani. Ukimuuliza babu, alisema "alikuwa mtu wa ng'ombe", basi. Kimaasai changu ni cha salamu.

Kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imegoma, mimi ndiye mwenye muda. Nikapewa kazi.

Nilianza na makaratasi. Kitambulisho cha baba: Sankale. Cheti chake cha kumaliza shule: Sankale. Nilienda pale Archives, Moi Avenue, jumba ambalo Nairobi nzima hupanga kukutana nje yake na wachache sana huingia ndani. Watu wa pale wanasaidia, lakini ripoti za kila mwaka za mkuu wa wilaya zilizungumzia karantini ya mifugo, kodi, mvua na nyasi. Ng'ombe walihesabiwa vizuri kuliko watu. Ukibahatika utapata jina la chifu ama mzee wa baraza. Mchungaji wa kawaida hayumo.

Ila humo humo kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya, na nilikaa nikifikiria jina lake. Babake alikuwa mfanyabiashara wa Goa aliyeitwa Zuzarte. Mamake alikuwa Mmaasai. Murumbi ni jina la babu wa upande wa mama. Mtu akifuata jina hilo kwa babake, hafiki popote. Na Profesa George Saitoti, aliyekuwa mbunge wa huku, alikuwa pia na majina Kinuthia na Muthengi. Kajiado si mahali pa mtu mmoja jina moja. Miaka ya 1890 sotoka ilipoua ng'ombe na ndui ikaua watu, Wamaasai wengi walikimbilia kwa Wakikuyu na Wakamba, wengine wakaacha watoto huko ili wapate kula. Baadhi walirudi, wengine wakabaki na kuitwa majina mapya. Kabla ya hapo, Wamaasai wa Laikipiak walishindwa vitani na waliobaki wakamezwa na wenzao. Yule anayekuambia damu yake ni moja tangu Adamu, muulize vizuri.

Baada ya Archives nilitafuta orodha ya ardhi. Hapa ndipo jina linakuwa pesa. Sheria ya mwaka wa 1968 ilianzisha ranchi za vikundi, na kila ranchi ilikuwa na orodha ya wanachama, karibu wote wanaume wenye boma. Ranchi ya Kitengela ilipogawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, waliokuwa kwenye orodha walikuwa zaidi ya 200 hivi tu. Jina lako lilikuwepo, ulipata shamba. Halikuwepo, ulibaki kuangalia. Kisha EPZ ikaja mwaka wa 1990, ploti zikaanza kukatwa na waya zikafungwa. Ndiyo maana leo mtu akifa, familia inapotafuta barua ya chifu ya kuanza urithi, unaona makaratasi yenye mtu mmoja mwenye majina matatu: anajulikana pia kama fulani, pia kama fulani. Fungua Gazeti Rasmi la Serikali usome matangazo ya mirathi, utaona. Kila "pia kama" hapo ni watoto waliolazimika kuthibitisha kwamba baba yao ni baba yao.

Mzee mmoja anayejua orodha hizo alinionyesha akina Sankale kadhaa. Hakuna aliyekuwa wetu. Akaniangalia, akasema, "Ero, unauliza kama polisi. Acha jina. Uliza rika, uliza ng'ombe."

Rika ni kalenda. Mmaasai wa zamani hakukuambia amezaliwa mwaka gani, alikuambia ni Ilnyangusi, waliokuwa morani miaka ya 1940 na 1950, ama ni Ilseuri waliowafuata. Ukijua rika umejua miaka. Ukijua ukoo na alama inayokatwa kwenye sikio la ng'ombe umejua boma. Vitu hivyo viwili vikikutana, wanaobaki ni watu wachache sana. Jina linakuja mwisho, kama linakuja.

Ndivyo nilivyofika Bisil, kwa koko mmoja ambaye ni binamu wa nyanya yetu. Nilipanda matatu, kisha boda, nikiwa na kilo nne za sukari na blanketi. Niliinamisha kichwa akanigusa utosini. Koko haoni vizuri lakini anakumbuka kila kitu. Sikumuuliza Sankale. Nilimwambia tu baba yangu alisoma shule gani na mwaka gani, katikati ya miaka ya 1960.

Alicheka hadi akakohoa.

"Baba yako si wa Sankale," akasema. "Sankale alimpeleka shule tu."

Hadithi yenyewe ni hii. Chifu alikuwa anataka kila boma litoe mtoto wa kusoma. Wazee hawakupenda. Shule ilikuwa mahali pa kupoteza mchungaji. Zamu ya boma la Sankale ilipofika, Sankale hakutaka kutoa mwanawe. Lakini alikuwa na mtoto wa mwenzake wa rika, wote Ilnyangusi, aliyeachwa kwake baada ya babake kufariki kwenye kiangazi. Mtoto wa mwenzako wa rika ni mtoto wako, hiyo ni mila. Basi akampeleka huyo. Mwalimu akauliza, mtoto wa nani? Sankale akasema, wangu. Mwalimu akaandika.

Kwa hiyo mwana wa Sankale alibaki na ng'ombe, na baba yangu akapata darasa, kisha mshahara, kisha nyumba ya mawe mbili Kitengela. Mwana wa Sankale ana wajukuu. Mmoja wao anafunga sola huko Isinya.

Nilimwuliza koko, je, babu yetu wa damu aliitwa nani? Hakutaka kusema. Kimila jina la aliyekufa halitajwi ovyo. Alisema, "Yule wa Ilmolelian." Ng'ombe wekundu. Sankale alikuwa Ilaiser, ng'ombe weusi. Nilikuwa nataka kumpigia dada simu hapo hapo lakini netiweki ya kule ni ya kupanda kilima.

Haikuwa rahisi kama nilivyofikiria. Wazee walikutana Jumamosi mbili. Upande mmoja ulisema koo ni mbili, mambo kwisha. Mzee mwingine akauliza: mtoto aliyekunywa maziwa ya boma, akabeba jina la boma, huyo si wa boma? Nani ameamua damu ni nzito kuliko maziwa? Nilikaa nyuma nikisikiliza nusu ya maneno, binamu akinitafsiria, na kusema kweli hoja ya huyo mzee ndiyo iliyonigusa zaidi. Baba aliishi na kufa akiwa Sankale. Hakuwahi kulikana jina hilo hata mara moja. Kama ningekuwa na kura, sijui ningepiga wapi.

Walichoamua ni kwamba jina lilikopeshwa, si kutolewa. Baba hakukatiwa ng'ombe wa urithi kwenye boma lile, wala hakutahiriwa hapo. Alirudishwa kwa watu wake wa Ilmolelian wakati wa tohara, jambo ambalo koko alithibitisha kwa simu, spika ikiwa imewekwa juu ya kiti cha plastiki. Dada anaweza kuolewa.

Kisha yule mzee wa hoja ya maziwa akasimama tena. Akasema kama jina lilikopeshwa, basi limetumika miaka karibu 60, limesomea, limepatia mtu kazi, limejengea nyumba. Mtamba mmoja apunguzwe kwenye mahari. Mjomba wangu Mkamba alipinga hadi saa kumi jioni, akisema hajawahi kusikia jina likitozwa riba.

Mtamba alipunguzwa. Koko aliniita pembeni wiki iliyofuata, akaninong'oneza jina la babu sikioni, mara moja. Sitaliandika hapa. Dada bado anasema hatapanga foleni ya kitambulisho, na mimi nimeanza kuuliza habari za nyanya ya baba, ambaye watu wa Bisil wanasema alikuja kutoka Ukambani akiwa mtoto na jina ambalo hakuna anayelikumbuka.