Je, Wajua? Kabichi Hupaka Keki Buluu

Je, wajua kwamba buluu ya kupambia keki ya sikukuu yaweza kutoka kwenye kabichi ya zambarau? Chemsha majani yake, chuja, kisha rudisha maji jikoni yapungue hadi yawe mazito. Yakipoa, tia chembe ya bikaboneti: zambarau hugeuka buluu. Ukikamulia ndimu badala yake, hugeuka waridi. Siri ni anthosiyanini, rangi ya mmea inayobadilika ikikutana na asidi au alkali. Bikaboneti isizidi, la sivyo utapata kijani na ladha ya sabuni.

• Siagi ina unjano wake, hivyo krimu ya siagi ikitiwa buluu huelekea kijani. Kwa buluu safi, tumia aisingi nyeupe ya sukari ya unga.

• Bitiruti hutoa waridi, manjano ya unga hutoa njano.

• Rangi ya krimu hukolea ikikaa saa chache. Acha kuongeza kabla hujaridhika!

• Karmini, rangi nyekundu ya vyakula vya dukani (E120), hutengenezwa kwa wadudu wadogo wa mpungate. Peru ndiyo mzalishaji mkuu duniani.